Yadi Niliyoiiba

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki jana lilikupita kwa sababu muuza samaki aliliwahi kabla yako, usihangaike. Nitakusogeza kwa pumzi moja.

Mimi ni Ovide Fuselier, mchora mistari mstaafu. Miaka thelathini na minne nimepaka chokaa viwanja vya Chuo cha Marchenoir, hapa kwetu Louisiana, mpaka wakubwa waliponunua kimashine kinachojiendesha chenyewe. Mstari wake wa kwanza ulipita katikati ya maua ya mke wa mkuu wa chuo. Hilo nilishalicheka sehemu ya pili, na leo nalicheka tena.

Kentrell ni mtoto wangu wa ubatizo. Baba yake alikuwa rafiki yangu, akafa, akaniachia kazi ya kumtazama kijana. Kentrell anacheza mpira wetu huu wa Kimarekani, nafasi ya mdakaji: mpira ukirushwa mbali, kazi yake ni kuufikia kabla ya adui. Mikono anayo. Miguu ndiyo iliyokuwa na kesi. Tangu aingie chuo, kila akipimwa mbio za yadi arobaini pale uwanja wa mazoezi, saa husema sekunde nne nukta tano nne. Na mdakaji mwembamba wa chuo kidogo mwenye nne nukta tano nne, timu za kulipwa humshauri akaombe kazi kiwanda cha sukari.

Mwezi Machi maskauti, wale wawinda vipaji wa timu hizo, wakaja kupima vijana. Uwanja mkubwa ulikuwa chini ya maji, kimashine kimezama, wakamkumbuka Ovide. Nikaitwa na kamba yangu ya yadi arobaini nichore njia ya mbio kwenye uwanja wa mazoezi. Nikaikunja kamba yadi moja, nikafunga fundo, nikachora fupi.

Hilo ndilo ungamo langu la wiki jana. Limeniletea barua kumi na moja za matusi, moja kutoka kwa dada yangu tumbo moja.

Kentrell alikimbia nne nukta nne nne. Maskauti wakapiga miluzi.

Wale watu bwana! Walimpima kiganja kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. Walimpima mikono, mapaja, akaambiwa aruke, akaruka, akaambiwa aruke tena bila kukunja magoti, sijui nani huruka hivyo. Mmoja alimuuliza, uso mkavu kabisa, kama angekuwa chombo cha jikoni angekuwa chombo gani. Kentrell akajibu mwiko. Wakaandika: mwiko. Wanaume wazima thelathini na wawili, kila mmoja na kofia na kalamu nne, na hakuna hata mmoja aliyeinama kupima ardhi.

Basi wabashiri wakamweka kijana duru ya tatu. Utaratibu wao ni huu: timu thelathini na mbili, kwa zamu, duru saba, siku tatu, kila timu inaita jina la kijana inayemtaka. Wenyewe wanauita uteuzi. Mimi nauita mnada wa ng'ombe, ila kwenye mnada wa ng'ombe mnunuzi huwa anajua ng'ombe.

Sasa sikia nilivyoharibu.

*

Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya mnada, gari la kukodi lilisimama mbele ya kibaraza changu. Akashuka Haverkamp, skauti wa timu moja ya kaskazini, huko ambako theluji huanguka mpaka mtu anasahau rangi ya viatu vyake. Mrefu, mkavu, shingo ya bata mzinga.

"Mzee Ovide?"

"Inategemea nani anamtaka."

"Haverkamp. Nilikuwa hapa Machi."

"Nakukumbuka. Wewe ndiye wa vyombo vya jikoni."

Hakucheka. Watu wa kazi ile hucheka kwa kibali.

"Niambie habari za yule mnene," akasema. "Prejean. Mnayemwita Mtungi."

"Mtungi kafanya nini?"

"Ana kilo mia na hamsini na tano. Alikimbia tano sifuri tatu. Mzee, nina miaka ishirini na miwili kazini. Mtu wa kilo mia na hamsini na tano hakimbii tano sifuri tatu mpaka awe anafukuzwa na kitu."

Nikainama kufunga buti ambayo haikufunguka.

Sikuwa nimeliwaza hilo, msomaji wangu. Yadi niliyoiiba kwa ajili ya Kentrell niliiiba kwa ajili ya wote. Vijana kumi na wanne walikimbia njia ile ile, na wote kumi na wanne waligeuka swala siku moja. Hata mpiga teke, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuliwahi basi.

"Saa yangu nimeipeleka kwa fundi mara mbili," Haverkamp akaendelea. "Ni nzima. Upepo siku ile haukuwepo. Kwa hiyo kuna kitu pale uwanjani, na wewe ndiye uliyeuhudumia."

Mtu mwenye haya angesema ukweli hapo hapo. Mimi nikasema:

"Ni nyasi."

"Nyasi?"

"Bwana Haverkamp, keti. Wewe si wa kwanza kuuliza. Mbegu ya nyasi ile ililetwa na babu wa babu yangu ndani ya soksi. Uwanja ule unapokea maji ya kiwanda cha sukari, yenye molasi. Sasa nyasi inayokunywa sukari haitulii. Ukiikanyaga, inakusukuma. Mwaka wa mafuriko ng'ombe wa jirani aliingia pale kula. Tulimkuta wilaya ya tatu kutoka hapa, bado anahema."

Akatoa daftari. Jamani, akatoa daftari!

"Wilaya gani?" akauliza.

Nikamtajia. Nikamtajia na jina la ng'ombe. Kila nilichosema alikiandika, na kila alichoandika alikipigia mstari. Tulivuka barabara tukaenda uwanjani, akapiga magoti, akachimba kipande cha nyasi na udongo wake, akakitia kwenye mfuko wa plastiki kama nyama ya kupeleka kwa mkwe.

Nikajiona mjanja. Nikajiona nimezaliwa mara ya pili.

Kisha akanipa mkono.

"Umenisaidia sana, mzee. Nilikuwa nampenda sana yule mdakaji wenu. Kumbe ni nyasi."

"Kumbe nini?"

"Nitamwongezea sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye muda wake. Anarudi nne nukta sita nne. Hiyo si duru ya tatu tena. Hiyo si duru yoyote."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nyasi yenyewe haisukumi kiasi hicho."

"Ng'ombe alivuka wilaya mbili, mzee."

Akapanda gari na mfuko wake, akaondoka.

*

Ungedhani mtu akipata siri hukaa nayo. Hawa? Kufikia Ijumaa usiku, duru ya pili na ya tatu zinaitwa, televisheni ya taifa ilimweka mtaalamu mmoja mwenye tai ya zambarau mbele ya picha ya jani la nyasi lililokuzwa ukubwa wa mlango. Akalichora mishale. Akasema vijana wa Marchenoir wana "tatizo la uwanja." Nyuma yake wengine watatu wakatikisa vichwa kwa huzuni, kana kwamba nao wamekesha wakisoma nyasi.

Duru ya tatu ikapita. Kentrell hakuitwa.

Alikuwa amekaa kwenye kochi la mama yake, simu juu ya goti. Hapa kwetu kuna sheria: siku za mnada hakuna ndugu anayeruhusiwa kumpigia kijana. Simu yake ikilia ni timu tu. Shangazi mmoja wa mtaa wa pili alimpigia mpwa wake mwaka fulani kumuuliza kama keki iwe ya nazi, na mpaka leo hakaribishwi Krismasi.

"Kesho bado, Baba mdogo," Kentrell aliniambia akinisindikiza mlangoni. "Duru nne nzima."

"Kesho bado," nikasema.

Macho yake sikuyatazama.

*

Jumamosi mchana Verlene, mama yake, alikuwa uani na sufuria kubwa ya kaa, mahindi na viazi. Verlene ni mpishi wa shule ya msingi. Amezoea kunyamazisha watoto mia tatu kwa unyusi mmoja. Nyumba yake imetazamana na uwanja ule ule wa mazoezi, barabara tu katikati. Ndani watu walikuwa wamejazana mbele ya televisheni. Duru ya nne ilikuwa imekwisha. Hakuitwa.

"Shemeji," akaniambia, "huyo kaa unamvunja umle au unamwadhibu?"

Nikaweka kaa chini.

"Verlene, niliiba yadi."

"Uliiba nini?"

"Yadi. Siku ya maskauti. Niliikunja kamba. Njia waliyokimbia ilikuwa fupi."

Hakupiga kelele. Aliweka mwiko juu ya mfuniko, polepole, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Kwa hiyo mwanangu hana mbio."

"Anazo kiasi."

"Na hii habari ya nyasi wanayoisema kwenye televisheni?"

"Na hiyo ni yangu."

"Na mafuriko ya Machi, shemeji? Au hayo tumwachie Mungu?"

"Hayo tumwachie."

"Mficha uchi hazai. Wewe umeficha mpaka umemzalia mtoto wa watu balaa." Akafuta mikono kwenye aproni. "Ile njia bado inaonekana?"

"Mistari imefifia, lakini misumari yangu ipo. Kila mwisho nilipigilia msumari."

"Tunakwenda kupima. Nataka kujua hasa ulichukua kiasi gani. Wewe hata umri wako hukumbuki sawasawa."

Akampigia ukelele Mtungi, yule mnene, aliyekuwa akila mlangoni. Baba yake Mtungi ni mpima ardhi. Dakika tano baadaye Mtungi alikuwa anavuka barabara na tepu ya chuma, ile ndefu ya kupimia mashamba, na gunzi la mahindi mdomoni.

Mimi nilishika mwisho wa tepu kwenye msumari wa kuanzia. Mtungi akatembea nayo mpaka msumari wa kumalizia, akainama, jambo ambalo kwake ni safari.

"Arobaini na moja!" akapaza sauti.

"Thelathini na tisa," nikamrekebisha.

"Arobaini na moja, Mzee Ovide."

"Umeigeuza kichwa chini."

"Na inchi sita."

Verlene akaenda kusoma mwenyewe. Akasoma mara mbili. Akageuka.

"Ile kamba yako, shemeji. Uliwahi kuifanyia nini?"

Nikafungua mdomo niseme sikuifanyia kitu. Ndipo nikaikumbuka pikapu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mvua ya masika, pikapu ya kocha ilizama kwenye tope nyuma ya stoo mpaka kwenye vioo. Hatukuwa na mnyororo. Tulifunga kamba yangu ya nailoni kwenye trekta tukavuta saa nzima. Kamba ililia kama nguruwe. Pikapu ikatoka, nikaviringisha kamba yangu, nikairudisha kwenye msumari wake stoo, na tangu siku hiyo nikaendelea kupimia nayo, najivunia. Goli na mistari ya uwanja mkubwa zina vigingi vya chuma, hazidanganyiki. Lakini uwanja wa mazoezi ulipimwa kwa neno langu.

Kamba ya yadi arobaini ilikuwa imevutika ikawa ya arobaini na mbili na ushee. Kwa miaka kumi na mmoja kila kijana aliyeambiwa akimbie arobaini alikimbia arobaini na mbili, na saa ikamsengenya. Nilipoikunja yadi moja mwezi Machi, nikidhani naiba, nilikuwa narudisha nusu ya deni.

Kentrell hakukimbia yadi thelathini na tisa kwa nne nukta nne nne. Alikimbia arobaini na moja. Kijana ana miguu ambayo watu husafiri bara zima kuitafuta, na mimi ndiye niliyemfanya aonekane gunia.

Nikaketi kwenye nyasi, zile zile za molasi. Hazikunisukuma.

Nikawakumbuka wengine. Yule Landry mwembamba. Wale pacha. Mmoja baada ya mwingine waliambiwa wazito, wakakubali, wakaenda kiwandani. Ninawapungia mkono kila asubuhi wakienda zamu.

"Kwa hiyo na mimi nina mbio?" Mtungi akauliza.

"Nyamaza, Mtungi," Verlene akasema.

"Nina mbio!" Mtungi akaiambia tepu.

*

Nikampigia Haverkamp. Ilinichukua mara nne. Nyuma yake nilisikia watu wakibishana, wale wenye kofia, chumba kizima.

"Bwana Haverkamp, si nyasi. Ni kamba. Ilivutika. Njia ilikuwa ndefu, si fupi. Mrudishie kijana muda wake, tena umpunguzie."

Nikamsikia akifunua daftari. Kisha:

"Mzee, Jumanne ilikuwa nyasi."

"Nilidanganya."

"Leo ni kamba. Jumanne ijayo itakuwa malaika wamembeba. Nina kazi."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, nami yangu ilikuwa imefika ukutani. Ndipo Verlene aliponipokonya simu.

"Wewe bwana," akasema, "mimi ni mama yake. Ni wewe uliyebeba udongo wetu kwenye mfuko? Ni wewe? Mtu mzima, umeambiwa ng'ombe alikula nyasi akakimbia wilaya mbili, ukaandika? Na sasa unaona aibu kuamini tepu ya chuma? Fungua video. Fungua nikuonyeshe."

Msomaji, alifungua.

Alimwonyesha tepu, namba kwa namba, kidole chake kikitembea kwenye chuma kama anamfundisha kusoma. Alimwonyesha msumari huu na msumari ule. Uso wa Haverkamp ukawa mrefu zaidi, na haukuwa na nafasi ya kurefuka.

"Tuna zamu duru ya sita," akasema mwishowe, sauti ya chini, kama mtu anayewaficha wenzake. "Duru ya tano inaisha sasa. Zimebaki dakika thelathini, labda pungufu. Pimeni arobaini halali. Nione tepu ikilazwa. Kijana akimbie hapo nikimtazama, nami nitashika saa yangu. Asipokimbia, sina la kuwaambia humu ndani."

Verlene akaegemeza simu kwenye ndoo. Mtungi akalaza tepu. Safari hii mimi sikuruhusiwa kugusa.

*

Kentrell alivuka barabara simu yake mkononi.

"Mama, kaa wanaungua. Mko huku mnafanya nini?"

Verlene alimweleza. Hana mapambo yule mwanamke. Sentensi nne, hadithi yangu ya majuma sita ikaisha.

Nilingoja aruke kwa furaha. Kijana kaambiwa ana mbio kuliko alivyowahi kuota! Badala yake akanigeukia mimi.

"Baba mdogo. Ulipoikunja ile kamba, ulikuwa unajua ni ndefu?"

"Hapana, mwanangu."

"Kwa hiyo uliamini mimi ni mzito."

"Niliamini unahitaji msaada."

"Wale wa kofia wameniongezea sehemu mbili za kumi za sekunde," akasema. "Sawa, hawanijui. Wewe ulinipunguzia yadi kabla sijavua koti."

Nikaitazama tepu, kitu pekee pale kisichodanganya.

"Mna dakika ishirini na mbili," ndoo ikasema kwa sauti ya Haverkamp.

"Kimbia, mwanangu," Verlene akasema. "Ugomvi utaukuta palepale."

"Nitakimbia, Mama." Hakuondoa macho kwangu. "Lakini yeye kwanza."

"Nani?"

"Baba mdogo. Akimbie arobaini zote, za chuma. Bila kusimama, bila kugeuka nyuma. Akisimama, mimi narudi ndani kula kaa, na Jumatatu niko kiwandani."

"Nina miaka sabini na mmoja!" nikasema.

"Sabini na mitatu," Verlene akasema.

"Nina goti!"

"Nataka aijue yadi moja," Kentrell akasema. "Amezichora miaka thelathini na minne. Hajawahi kukimbia hata moja."

Watu walikuwa wameanza kutoka nyumbani na sahani zao, wakapanga mstari kando ya barabara. Hapa kwetu mtu haulizi kuna nini. Anakuja na kiti. Padri alikuja na viwili.

"Huyo mzee anafanya nini kwenye mstari?" Haverkamp akauliza.

"Anajiandaa kukimbia," Verlene akamjibu.

"Hatumhitaji mzee!"

"Hata sisi."

Nikavua buti. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Nikaweka vidole chini kama nilivyoona vijana wakiweka, na kiuno kikanikumbusha kwamba hatukukubaliana hivyo. Mbele yangu tepu ilikuwa inang'aa juani, na mwisho wake alisimama Mtungi, mdogo kama kuku. Sikuwahi kuona yadi arobaini kutoka chini. Ni mbali, jamani. Ni mbali mno kumwibia mtu.

"Tayari?" Mtungi akaita.

"Hapana!"

Akashusha mkono.

Nikaondoka. Siwezi kusema nilikimbia, niliondoka. Yadi ya tatu soksi ilitoka. Yadi ya tano goti likaanza kulia kama bawaba ya kanisa. Watu walikuwa wanashangilia au wananizomea, kwa mtaa wetu sauti ni moja. Padri alikuwa ananihesabia kwa sauti kubwa, kila yadi na jina la mtakatifu.

Yadi ya tisa, nyuma yangu, simu ikalia.

Haikuwa ile ya kwenye ndoo. Ilikuwa ya Kentrell.

Kelele zote zikakatika. Sahani zote zikashuka. Hakuna ndugu anayepiga siku hiyo. Hilo kila mtu pale alilijua.

"Nani huyo anampigia?" Haverkamp akapiga ukelele kutoka kwenye ndoo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na damu. "Timu gani? Mwambieni asipokee! Mama! Mwambie asipokee, ngoja niwaone hawa wenzangu!"

"Kentrell?" Verlene akasema.

Simu ikaita mara ya pili.

Nilitaka kugeuka. Mungu anajua shingo ilishaanza. Lakini kijana alisema nikigeuka hakimbii, na nilikuwa nimeshamchukulia vya kutosha.

Ikaita mara ya tatu.

Ya nne haikuja. Imepokelewa au imekatwa, sikujua. Mbele yangu zilikuwa zimebaki yadi ishirini na tano, nami nikazifuata.